Eti "mwenye ndala apishe wanunuzi"! Dalali wa mnada wa pikipiki za zamani, MUNGU ANAKUONA

Wakuu, naandika mkono unatetemeka na sijala toka asubuhi. Wa Dodoma wote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kofia ya pama na kipaza sauti kinachokoroma.

Nimetoka Kibaigwa alfajiri kufuata Honda CG125. Siyo toyo, zile pikipiki za Mchina, CG ya Mjapani mwenyewe, ile waliyoitoa 1976 wakijua kabisa kuna watu watabadilisha oili pale tu mwenyezi Mungu atakapowakumbusha. Marehemu baba alikuwa nayo, ilibeba magunia mawili ya mtama, mama, mimi na mbuzi.

Nimeikuta imeegemezwa ukutani, tanki limepauka kama tofali, kuku katagia kwenye boksi la betri (naapa). Nikachuchumaa, nikasukuma kiki kwa mkono, ikanirudishia. Kompresheni ipo, injini haijafa! Machozi yalinilenga.

Imeanza laki mbili. Nikasema mbili na nusu. Jamaa wa kaunda suti, tatu. Mimi, tatu na nusu. Dalali akanitazama kuanzia kichwani, akashuka, akashuka, akafika miguuni akatua hapo.

"Huyo mwenye ndala apishe wanunuzi."

KWENYE KIPAZA SAUTI. Hadi mbuzi wa Msalato wamesikia. Kisha mara ya kwanza mara ya pili mara ya tatu kwa pumzi moja kama anafukuzwa na nyuki, kaunda suti kaondoka nayo kwa laki tatu. Mimi nilishasema tatu na nusu! Asilimia 25 ya bei inayolipwa papo hapo ninayo mfukoni, salio la kumalizia ndani ya siku 14 nauza alizeti. Mwenye ndala! Na ndala zenyewe mpya, nimezinunua Majengo juzi.

Kiboko wa Nkuhungu: Ndala rangi gani?

Mleta mada: Bluu. Inahusu nini?

Kiboko wa Nkuhungu: Bluu ni za bafuni mkuu. Dalali hana kosa.

Fundi Spoku: Umejuaje ni ya Japani? CG haina taiming cheni (mnyororo wa valvu), valvu zinasukumwa na fimbo, na toyo kibao zimeiga hivyohivyo. Tanki la Honda linabandikwa dakika kumi.

Mleta mada: Nimelelewa juu ya tanki la CG, leo unanifundisha? Tujadili KIPAZA SAUTI.

Zabibu Kavu: Las Vegas, Januari 2023, Harley-Davidson ya 1908 ilienda mnadani kwa dola 935,000. Nyie mnatoana roho kwa laki tatu na mayai ya kuku.

Kiboko wa Nkuhungu: Huko ukiingia na ndala wanajua ni bilionea wanakuletea kiti. Mleta mada kakosea nchi tu.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Na yale mayai alichukua nani?

Mgogo Halisi: Heri wewe umefukuzwa. Mimi niliuziwa Yamaha DT "kama ilivyo mahali ilipo", nikaisukuma mpaka Kizota kwa jasho. Fundi kufungua, hamna pistoni. Nimenunua ganda. Mke wangu anaanikia dagaa.

Fundi Spoku: Bora haina. DT inachoma oili pamoja na petroli, ukipita mtaani wanadhani manispaa wamekuja kufukiza mbu.

Mgogo Halisi: Usiitukane DT. Ule mlima wa Kondoa CG yako inapandishwa kwa kusukumwa na wanakwaya.

Fundi Spoku: Mlima gani huo? Lete picha.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada. Watu mia mbili wamegeuka kuangalia miguu yangu.

Zabibu Kavu: Mia mbili? Mimi nilikuwepo, hatukufika thelathini, na nusu walifuata nyama choma.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Nyama gani? Jumamosi Msalato nimeuziwa mifupa mitupu, na yule mpima kilo mnamjua, kidole kwenye mizani.

Mgogo Halisi: YULE WA APRONI YA NJANO?? Dada fungua uzi wake, nina ya kusema.