Tupeane uzoefu: chambo hai unakichaguaje, na unakifikishaje majini kikiwa hai?

Mtega Migonzo, Ukerewe

Wakuu, habari za kazi. Natega migonzo ya sangara, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, na huu ni mwaka wangu wa tano. Kila mtu mwaloni huzungumzia ndoano, kamba na injini. Chambo wanakipita juujuu, na mimi naamini pesa iko hapo.

Mwaka wa kwanza nilinunua fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa vijana wanaowavua kwa ndoano ndogo na minyoo. Fulu wazuri, wachangamfu. Nikawajaza wote kwenye ndoo moja, ikakaa juani huku nikisubiri mafuta. Tulipofika kwenye kina, zaidi ya nusu walikuwa wamegeuza matumbo juu. Tukategea hivyohivyo, wazima na wafu. Alfajiri tulipoopoa, sangara wote wa maana walitoka kwenye ndoano zilizokuwa na mzima. Kwenye wafu tulipata gogogo wachache, na nyingine zilirudi na chambo kimelainika kama uji.

Ndipo nikajua: maji yakipata moto hewa inapungua, na samaki wakibanana wanaimaliza ile iliyobaki. Fulu hana pa kukimbilia.

Siku hizi natumia kambale wadogo, urefu wa kidole kirefu cha mkono. Kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo anavumilia dumu lenye maji machache ambamo fulu asingemaliza saa moja. Ndoano naipitisha kwenye nyama ya mgongo, chini ya pezi, bila kugusa uti. Ukigusa uti amekwisha. Ukimtoboa vizuri anacheza hadi asubuhi, na kule kucheza ndiko kunakomwita sangara gizani.

Nyie mnafanyaje? Semeni na mliyoharibu.

Mama Bwawa, Busia

Asante kwa kuanzisha hili, kaka. Mimi nafuga kambale, huku kwetu mumi, na wateja wangu wakubwa ni wavuvi wa sangara.

Kosa lililoniumiza ni kuchanganya saizi. Kambale wanalana. Niliweka wakubwa kidogo na wadogo kwenye tangi moja, nikidhani chakula kinawatosha wote. Baada ya siku chache idadi imeshuka na sioni mizoga, ila wachache wamenenepa ghafla. Sasa nawachambua kila wiki kwa chekeche, na nakuomba nawe usiwachanganye hata kwenye dumu la safari.

Jambo la pili: siku moja kabla ya kuwasafirisha usiwape chakula. Wakiwa wameshiba wanachafua maji njiani, na hayo maji machafu ndiyo yanayowaua, hata hao wanaovuta hewa ya juu. Na funika dumu kwa wavu. Kambale anajua kutoka.

Kuna kitu wavuvi wengi hawakijui: kifaranga wa siku chache bado hawezi kuvuta hewa ya juu. Anategemea matamvua kama samaki mwingine yeyote. Ukiuziwa vidogo mno kwa bei ya chini, usishangae wakifa wote njiani. Mimi huwauza wakiwa na kama miezi miwili.

Kijana wa Ngalawa, Tanga

Sisi baharini tunatumia vibua hai kwa nguru. Kibua haruhusiwi kusimama. Akiacha kuogelea hapati hewa. Kwenye chombo chenye pembe anajikwaruza pua na kufa. Tumia pipa la duara, maji ya bahari yabadilishwe kila mara, na usimshike kwa mkono mkavu. Ni hayo tu.

Mshipi Mrefu, Kentucky

Salamu kutoka mbali, ndugu zangu. Nimekulia Uvira, Ziwa Tanganyika, kwenye samaki wa ndagala na mukeke. Sasa naishi Marekani, na huku tunavua samaki anayeitwa krapi. Visamaki vya chambo vinauzwa hai dukani, kwa dazeni.

Mara ya kwanza nilivipeleka nyumbani nikavibadilishia maji ya bomba. Saa moja baadaye vyote vimekufa. Klorini inaunguza matamvua. Tangu hapo natumia maji ya duka lilelile au ya ziwani, na kipampu kidogo cha betri cha kupuliza hewa.

Kuna aina mbili kuu dukani. Wale wa kung'aa kama fedha wanaonekana mbali lakini wanakufa upesi. Wale weusiweusi, wanene wa kichwa, wanavumilia. Maji yakiwa ya vuguvugu nachukua weusi bila kufikiri. Urefu wa sentimita tano unatosha. Natoboa midomo yote miwili kuanzia chini kama nasogeza mtumbwi, au mgongoni kama nimetulia na chelezo.

Krapi huangalia juu. Chambo kikae juu yake kidogo. Kikiwa chini yake anakipita. Mwezi wa nne, maji yakifika nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, wanakuja kwenye maji mafupi kutaga. Akishika usikurupuke, maana ngozi ya mdomo wake ni nyembamba, inachanika. Na chambo kinachobaki hakimwagwi ziwani, usije ukaingiza samaki wageni au ugonjwa. Sisi wa maziwa makuu tunalielewa hilo: sangara mwenyewe aliletwa Victoria miaka ya 1950, na fulu wengi wakapotea.

Mtega Migonzo, Ukerewe

Ndugu wa Kentucky, umenigusa hapo kwa fulu. Ndiyo sababu nyingine nimewaacha. Kuna wenzetu wanakusanya chambo kwa kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, na wanajua limekatazwa. Linaparua matagio ya sato ufukweni na kuzoa sangara wachanga, wa kesho kutwa. Huwezi kuvua sangara kwa kuua watoto wa sangara.

Mama, nimejaribu lako la kutowalisha. Juzi nimebeba kambale 300 kwenye madumu mawili, wadogo kwao na wakubwa kwao, wavu juu, gunia bichi la kuzuia jua. Waliokufa hadi tunatega walikuwa wanne. Shida yangu sasa ni umbali wa kuwafuata. Kama unamjua mfugaji anayezalisha upande wa Bunda au Mwanza, nielekeze tafadhali. Nitachukua kila wiki.