Ushauri wenu wadau: maji ya mto yamepata joto, trauti wangu wanahema juu juu

Wa_Ukingoni:
Habarini wanajukwaa. Naombeni ushauri, usingizi umenipaa. Nafuga trauti huku Kiganjo, Nyeri, mabwawa matatu yanayopata maji kutoka kijito kinachoingia Mto Sagana. Tangu kiangazi cha Januari kikaze, alasiri samaki wanapanda juu wanahema, chakula wanakiacha kikielea. Kipimajoto kinasoma nyuzi 24. Juu yangu kuna shamba lililofyekwa miti yote ya kingo, limelimwa kabichi na viazi mpaka majini. Mtu kama huyo sheria inamfanyaje? Na mti gani unakua haraka nipate kivuli?

Mjomba254:
Waandalie mafuta na limau kaka, wameanza kujipika wenyewe.

BintiKieni:
Pole sana. Trauti hunawiri kwenye nyuzi 10 hadi 16 hivi; zikipita 20 anasusa chakula. Maji yakipata joto hewa inapungua: lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba kama miligramu 11 za oksijeni, ya nyuzi 20 kama 9, na hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Kwa mwinuko wa Kiganjo toa karibu moja ya tano. Ndiyo maana wanahema.
Sheria ipo: ukanda wa kingo haupungui mita 6 wala hauzidi 30, kulingana na upana wa mto, na haulimwi. Ila hilo shamba la juu ni la nani? Umeshaongea naye?

Nguzo_Biashara:
Panda mikaratusi ndugu yangu. Kivuli unapata mapema, baadaye unauza nguzo za umeme. Miche ninayo, njoo inbox.

Nyanya wa Tetu:
Mikaratusi kando ya mto! Wangari Maathai, mzaliwa wa hapa hapa Nyeri, alitukanya mpaka mwisho wa maisha yake kwamba mti huo unakunywa maji, na bado mnauziana miche. Panda muringa, mugumo, mianzi. Tulipokuwa wasichana mugumo ulikuwa haukatwi, hata kuni zake hatukuokota, na kijito cha kwetu ukiingiza mguu meno yanagongana. Siku hizi mnakata kila kitu mkanunue simu. Halafu mnakuja kuuliza kwenye hiyo simu.

Mrombo:
Bibi kasema. Kwetu Kilimanjaro maji yalikuja kwa mfongo, ule mfereji wa Wachagga, na mfongo ulikuwa na wenyewe. Siku ya kuusafisha asiyetokea anatozwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Marehemu babu aliwahi kumkuta jirani kachepusha maji zamu isiyo yake, usiku, na taa ya chemli mkononi. Hawakusalimiana mpaka harusi ya mjukuu, na hapo walikaa meza moja kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Sasa hivi mfongo wenyewe umekauka, nyumba imejengwa juu yake. Samahani mleta uzi, sina ushauri.

Papa Kivu:
Jambo wote. Mimi ni mtu wa Kongo, niko huku Missoula, Montana. Huku hiyo trauti ni kama dini. Maji ya mto yakifika nyuzi 73 za kwao, karibu 23 zetu, siku tatu kufuatana, serikali inaweza kukataza kuvua kutoka saa nane mchana mpaka saa sita usiku. Samaki aliyechoka na joto ukimkamata na kumrudisha majini anaweza kufa. Wewe usiwaguse samaki mchana, hata chakula wape asubuhi mapema.

Wa_Ukingoni:
Asanteni. Nilichotaka hasa ni upande wa sheria. Chifu ana mamlaka gani hapo?

BintiKieni:
Nimeuliza shamba ni la nani, umepita kando.

Wa_Ukingoni:
Ni la mama mmoja mjane.

Mjomba254:
Mjane ambaye ni nani kwako? Huu uzi unanukia kitu.

Wa_Ukingoni:
Sawa. Ni mama mkwe. Lakini msinihukumu kabla hamjajua. Mimi sikumtaja jina popote. Kwenye barua niliyopeleka kwa chama cha watumiaji maji niliandika namba ya shamba tu.

Mjomba254:
WOOOI. Namba ya shamba tu! Na shamba lina wenyewe wangapi?

Nyanya wa Tetu:
Mkwe wako? Ulimpelekea mbuzi wa mahari, leo unampelekea askari? Mke wako anajua?

Wa_Ukingoni:
Mke wangu atajua wakati ukifika. Nyanya, kwa heshima zote, mto hauna ukwe. Yale makabichi yanalipa karo ya shemeji zangu, nafahamu, lakini na mimi nina mkopo. Mvua ikinyesha udongo wote wa pale unanijia bwawani. Na barua imeshapokelewa, wamesema watakuja kupima kingo. Nilichoomba ni ushauri wa miti.

Mzee wa Ndoano:
Nimesoma kimya, sasa niseme. Mito hii naijua. Trauti wa kwanza waliletwa na mlowezi Grogan mwaka 1905, wakatiwa Mto Gura kule Aberdare. Kituo cha Kiganjo kinachozalisha vifaranga ni cha 1948. Nimevua Gura, Thego, Naro Moru. Hadithi hii ni CHAI, ya kutunga, tena ina maziwa. Trauti akae nyuzi 24 tangu Januari awe anahema tu? Angekuwa ameshaelea zamani. Mara mto, mara mkwe, kesho mtaambiwa mkwe ni mchawi. Mods fungeni uzi.

Mjomba254:
Mimi chai nainywa, ongezeni sukari.

Wa_Ukingoni:
Mzee usinivunjie heshima. Nyuzi 24 ni alasiri, pale maji yanapotokea bwawa la mwisho. Asubuhi ni 15.

Fundi Banio:
Subirini, msimfukuze. Mleta uzi, alasiri hiyo hiyo, pale banioni unapochota maji mtoni ni nyuzi ngapi? Na kutoka hapo mpaka bwawani maji yanapita wapi?

Wa_Ukingoni:
Banioni 17. Mfereji wa udongo, kama nusu kilomita, uko wazi juani. Majani ya nepia ya kando nilikatia ng'ombe.

Fundi Banio:
Na banio liko chini ya shamba la mama mkwe, siyo?

Wa_Ukingoni:
Chini yake, ndiyo.

Fundi Banio:
Basi maji yanatoka kwa mama mkwe yakiwa 17, yanatoka kwako yakiwa 24. Maji machache yanayotambaa kwenye mfereji mpana usio na kivuli yanapata joto haraka kuliko mto, halafu yanalala bwawani. Na hayo ya 24 unayarudisha mtoni kwa walio chini yako. Fukia paipu, ongeza kina cha mabwawa, weka maporomoko madogo kila maji yanapoingia yapate hewa.

BintiKieni:
Mama naye hajapona hapo. Ile 17 ingekuwa chini zaidi kingo zingekuwa na miti, na msitu ukifyekwa mvua inakimbia juu kwa juu badala ya kuzama na kutoka polepole kwenye chemchemi wakati wa kiangazi. Lakini hizo nyuzi saba ni zako, kaka.

Wa_Ukingoni:
Zamani mto ulikuwa baridi kuliko hiyo 17. Nilikuwa nauvuka kwa miguu, najua. Barua siirudishi, nitaonekana mtu wa maneno mawili. Fundi, paipu ya inchi ngapi inatosha?

Nyanya wa Tetu:
Mwanangu, nenda kwa mama huyo kabla wapimaji hawajafika. Beba sukari na unga.

Fundi Banio:
Inchi zinategemea kibali chako cha maji kinakuruhusu lita ngapi kwa siku. Kinasemaje?

Wa_Ukingoni:
Kibali kinashughulikiwa. Mimi nimeuliza paipu.