Tamthiliya ipi ya kufundishia wakuu wa vitengo?

MkaziWaMtumba: Wakuu, habari za jioni. Nimepewa muda wa saa 2 hapa Dodoma kuongea na wakuu wa vitengo 16 kuhusu uongozi. Slaidi wamezichoka, nataka tamthiliya. Nichukue ipi, na niiendesheje isigeuke darasa la fasihi?

KipazaSauti: Juliasi Kaizari ya Shakespeare, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Usisome yote. Hotuba mbili za mazishi ya Kaizari, sehemu ya 3, onyesho la 2, zinatosha: ya Brutus, aliyemuua pamoja na Cassius na wenzao, na ya Antony, rafiki wa Kaizari. Cassius alishamwonya Brutus asimruhusu Antony kuongea, Brutus hakusikia. Akampa Antony nafasi ya mwisho, kisha akaondoka kabla mwenzake hajaanza. Meneja anayetangaza posho zimepunguzwa halafu akakimbilia kikao kingine anafanya hivyo hivyo: ukumbi kaachiwa mwenye kinyongo.

Wasomaji wawili, waliobaki ni umati. Brutus akimaliza, wapigishe kura ya mikono, idadi uiandike ubaoni. Antony akimaliza, kura tena. Kusoma dakika 20, mjadala 40: kura zimehama kwa nini? Brutus katoa hoja. Antony kaonyesha joho lenye damu na wosia unaompa kila raia drakma 75. Wasomaji wapewe karatasi siku moja kabla, la sivyo watajikwaa na umati utacheka. Na bosi asiwe Brutus hata kidogo, hakuna atakayethubutu kumkosoa. Mketishe kwenye umati.

Zabibu: Kura nzuri, ila Kinjeketile ya Ebrahim Hussein iko karibu nasi zaidi. Inahusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani: dawa ya maji ya Kinjeketile inawaunganisha watu, kisha neno lake linamzidi nguvu: yeye anataka wasubiri, wao wanataka vita. Hapo ndipo uulize ni ahadi gani ofisini ilitolewa kuwapa watu moyo, sasa haizuiliki.

MkaziWaMtumba: Asanteni. Nilisahau kusema, mkuu wetu anastaafu Juni.

KipazaSauti: Basi ongeza King Lear, onyesho la kwanza, dakika 15. Lear, mfalme mzee, anagawa ufalme kwa kuwauliza mabinti zake hadharani nani anampenda zaidi, na Kent, mtumishi wake mwaminifu anayempinga, anafukuzwa. Madaraka katoa, wapambe 100 kabaki nao. Binti mmoja anawapunguza hadi 50, mwingine 25, mwisho wanauliza hata mmoja wa nini. Waandike kwenye karatasi nini kinakabidhiwa: saini, gari, funguo, na tarehe ya kila kimoja. Ila mkuu mwambie mapema, faraghani, kwamba Lear atasomwa.