Nisaini barua ya asistanti wenzangu au niache? (Lubumbashi)

AsistantiLshi: Jambo ndugu zangu. Naomba ushauri, maana usingizi umenikimbia. Mimi ni daktari, niko asistanti mwaka wa tatu, nasomea magonjwa ya wanawake na uzazi katika hospitali moja hapa Lubumbashi. Wenzangu wameandika barua kwa mkuu wa kitivo. Wanataka aliyekesha zamu apumzike kesho yake badala ya kupelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji, orodha ya zamu igawanywe sawa, na watu waache kuitana kwa makabila kwenye kikao cha asubuhi.

Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Kuna mwenzetu ametoka Mbuji-Mayi, kule Kasai. Akisimama kueleza wagonjwa wa usiku, kuna wanaoanza kuiga matamshi yake kabla hajafika kwa mgonjwa wa pili. Juzi alikuwa anaeleza habari za mama aliyevuja damu baada ya kujifungua, mtu akamkatiza: "Mkasai, fupisha." Chumba kizima kikacheka. Akakunja karatasi yake, akakaa. Yule mama alipewa damu kiasi gani usiku ule, hatukusikia.

Barua inaondoka Jumatatu. Nisaini au niache?

MamaYaKatuba: Pole binti yangu. Mimi mtoto wangu wa mwisho nilimzaa alfajiri, na dokta aliyenishona alikuwa anasinzia sindano ikiwa mkononi. Kichwa kinashuka, kinapanda. Nikamwambia, dokta, nenda unywe chai, mimi nitangoja. Akasema, mama, nikikaa chini sitainuka tena. Mpaka leo namwombea yule kijana. Muwaache watu walale!

Motari_Kolwezi: Kwanza tuambie, mnalipwa? Mdogo wangu ni asistanti pia, anailipa shule na kazi anafanya yeye. Nauli natoa mimi. Andikeni barua ya pesa, hayo ya vicheko yatakwisha watu wakishiba.

PapaLikasi: Hapana, mdogo wangu, hayatakwisha kwa kushiba. Mimi nilikuwa Likasi mwaka 1992. Niliona familia za Wakasai zilizofukuzwa zimelala stesheni na kandokando ya reli zikingoja treni ya kuwarudisha Kasai, wengine wamezaliwa hapa hapa na Kasai hawaijui hata kwa picha. Waliitwa bilulu, wadudu. Watoto walikufa pale pale stesheni kwa kuhara na surua. Jirani yetu alikuwa fundi wa Gécamines, kampuni ya migodi, aliuza kabati lake la mninga kwa bei ya sabuni. Na kabla ya yote hayo kulikuwa na vicheko, kazini, sokoni, shuleni. Kwa hiyo mtu akiniambia ni mzaha tu wa asubuhi, mimi sicheki.

Dokta_Ughaibuni: Niko Marekani, nilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alikufa katika hospitali moja ya New York. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari, hakunyamaza. Akauliza madaktari wanafunzi waliomhudumia usiku ule walikuwa kazini tangu lini, na nani alikuwa anawasimamia. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 kikawa cha nchi nzima. Saa 80 bado ni nyingi sana, lakini kuna mtu anazihesabu na programu ya mafunzo inaweza kuulizwa. Nyinyi nani anahesabu? Anzeni na daftari: nani aliingia saa ngapi, alitoka saa ngapi. Barua yenye daftari nyuma yake haitupwi kirahisi.

Neema_wa_Bwana: Dada, mweke Mungu mbele. Funga siku tatu kabla ya kusaini chochote.

YayaSolange: Mimi ni muuguzi, nimeona asistanti wengi wakipita. Barua ya watu wote haimkoseshi mtu usingizi hivi. Ukisaini na wengine ishirini, shefu atakufanya nini wewe peke yako? Kuna kitu hujasema. Shefu wa wodi ni nani kwako?

AsistantiLshi: Yaya Solange, sawa. Shefu ni mjomba wangu. Kaka wa mama, tumbo moja.

Lakini tuelewane. Mtihani wa kuingia niliufanya kama wengine na nilipita. Zamu zangu ni kweli nyingi ni za katikati ya wiki, na za Jumamosi na Jumapili wanapata wengine, hasa huyu wa Mbuji-Mayi na mmoja wa kutoka Bukavu. Sikuomba mimi. Orodha inaandikwa na katibu, mimi naikuta imebandikwa mlangoni. Na mjomba si mtu mbaya. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha. Kwetu Wabemba mjomba ndiye mwenye watoto, huwezi kumwandikia barua mzazi wako bila kumwona kwanza. Ndiyo maana Jumapili nilimgusia kwamba kuna barua inakuja. Sikutaja jina hata moja.

YayaSolange: Umekwisha kumwambia! Sasa unatuomba ushauri wa nini?

AsistantiLshi: Wa sahihi. Kumwambia ilikuwa heshima. Asingepaswa kuisikia kwa mkuu wa kitivo.

Motari_Kolwezi: Kwa hiyo wewe unalala Jumamosi na wenzako wanakesha. Nauliza tena, mjomba analipwa?

KampembaMacho: Simameni kidogo. Mnajibu kwa moyo safi lakini angalieni. Akaunti hii ni ya wiki hii, haijawahi kuandika kitu kingine. Barua haijaondoka na madai yake yote yako hapa. Katika wodi moja ya uzazi, asistanti wa Mbuji-Mayi wako wangapi? Wa Bukavu je? Amekwisha kuwataja bila kutaja. Mimi nasema huyu ni shefu mwenyewe anatafuta nani atajitokeza, au ni mtu amekaa nyumbani anatunga hadithi. Mjomba, kabila, barua, vyote mahali pamoja!

Neema_wa_Bwana: Hata mimi roho ilinisita.

Dokta_Ughaibuni: Tumpime basi. Dada, mama anavuja damu nyingi baada ya kujifungua, uko peke yako zamu ya usiku. Unafanya nini?

AsistantiLshi: Naita watu kwanza. Nasugua tumbo la uzazi mpaka likaze, naweka oksitosini, natoa mkojo kwenye kibofu, naangalia kondo la nyuma limetoka lote na kama hajachanika. Asidi ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa kabla saa 3 hazijapita tangu azae. Na huku familia tumeituma kutafuta mtu wa kutoa damu, saa nane usiku, mume anapiga simu kwa shemeji zake ukutani pale penye mtandao, na stazhieri, mwanafunzi wa udaktari, anamulika kwa simu yake maana umeme umekatika. Ndivyo alivyofanya yule mwenzetu usiku ule. Mama yuko hai. Alikuwa na haki ya kumaliza kueleza.

KampembaMacho: Hayo yote shefu anayajua kukuzidi.

Dokta_Ughaibuni: Hilo ni kweli. Lakini shefu hawezi kujua nani anamulika kwa simu saa nane usiku.

MamaYaKatuba: Awe anatunga au hatungi, mimi yule dokta wangu alisinzia kweli.

PapaLikasi: KampembaMacho ana sababu kwa jambo moja: dada, yule aliyetoka Mbuji-Mayi umemweka hadharani bila ruhusa yake. Mimi naachana na mambo ya sahihi. Nataka kujua kitu kimoja. Umemuuliza mwenyewe? Anataka nini kwako?

AsistantiLshi: Papa, sijamuuliza.

PapaLikasi: Basi toka huku, nenda ukamuulize.

AsistantiLshi: Nimerudi. Nilimkuta chumba cha zamu anakula bukari na sombe iliyopoa, nikakaa naye. Nimemwambia na habari ya Jumapili, kwamba mjomba anajua kuna barua. Alinyamaza kwanza, akaendelea kula. Kisha akasema sahihi yangu nifanye ninavyotaka, watu wataisoma kama sahihi ya mjomba hata hivyo. Anachotaka ni viwili. Jumamosi zake zilizobaki mwezi huu nizichukue mimi, akalale kwa watoto wake. Na siku mtu akimkatiza tena kikaoni, mimi ndiye niseme "mwacheni amalize", kwa sababu mimi hakuna atakayethubutu kunicheka.

Jumamosi nimezichukua. Katibu alikataa kuandika, akaniuliza kama shefu anajua, nikaandika mwenyewe kwa kalamu kwenye orodha mlangoni. Ya kikao naiogopa zaidi kuliko barua. Mjomba hukaa kiti cha mbele.

YayaSolange: Kaa kiti cha pembeni yake. Na uzi huu mwombe msimamizi aufute kabla ya Jumatatu, kwa ajili ya yule kaka.

AsistantiLshi: Nimemwandikia sasa hivi.