Tupeane uzoefu: mliokoaje eneo la wazi la mtaa wenu lisijengwe nyumba?

Mwana Sinza
Wakuu, habari za leo.

Mtaa wetu ulipimwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi wa viwanja uliogusa pia Kijitonyama na Mikocheni. Waliochora walituachia kaeneo ka wazi. Ndiyo uwanja wa watoto, ndipo turubai la msiba linapofungwa, na chini ya mwarobaini wa pale kuna mama anakaanga mihogo tangu sijaoa.

Jumapili ya juzi, watu wako kanisani, likaja tipa likamwaga mchanga katikati ya goli. Jioni nguzo zimesimama, Jumatatu mabati. Kumuuliza fundi: "Mimi nimeitwa tu kaka, mwenye eneo yuko safari." Mjumbe hajui. Mwenyekiti anasema habari anaisikia kwetu. Watoto wamehamia barabarani, bodaboda zinawapigia honi.

Waliopitia haya, mlianzia wapi? Naomba mliyoyafanya ninyi wenyewe, siasa tuziache kidogo.

Chelewa Chelewa
Pole mkuu. Sisi tulipigwa. Tulianza na kelele: barua kwa mtendaji, vikao, picha kwenye magrupu ya WhatsApp, miezi minne. Mwenye mabati hakubishana na mtu, yeye alikuwa anashinda kwenye ofisi za ardhi. Siku tuliyopata akili ya kuomba kuuona mchoro wa mipango miji, tulikuta eneo limeshakatwa viwanja viwili vya makazi, vina namba kabisa. Sisi tunagombana na bati, kiwanja kilishamalizika mezani. Leo pana ghorofa na geti jeusi.

Kipa wa Mtaa
Kwetu timu ilihamia nyuma ya baa. Mpira ukiingia ndani, unalipia soda ndiyo unarudishiwa.

Mtu wa Temeke
Sisi tulipona kwa sababu ya mzee mmoja. Ujanani alikuwa anawashikia wapima mnyororo, na nakala ya mchoro wa zamani aliihifadhi ndani ya bomba la plastiki juu ya kabati. Karatasi imekuwa kama chapati, lakini kijani kinaonekana na maneno "eneo la wazi" yanasomeka. Akatutoa na jembe, akapima kwa hatua kutoka kona ya msikiti, akasema chimbeni hapa. Futi moja chini ya takataka tukaigonga bikoni, lile jiwe la mpaka la wapima. Vijana walipiga makofi kama wameona dhahabu.

Tukaenda manispaa watu sita tu, tuna namba ya mchoro na picha za bikoni. Maneno yalikuwa machache sana. Zuio la ujenzi likatoka, mabati yakang'olewa na walewale walioyapigilia. Baadaye tulipanda miti na kuzungushia matairi yaliyofukiwa nusu, maana na sisi tulikuwa na kosa: tulipageuza jalala, mpita njia akaona hapana mwenyewe.

Jirani wa Nairobi
Huku kwetu unyakuzi tumeuzoea. Mwaka 1989 walitaka kusimamisha jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akawakatalia hadi likafa. Januari 1999 alipoenda kupanda miti msitu wa Karura alipigwa hadi kichwa kikavuja damu, lakini msitu upo, na mimi hukimbia humo Jumamosi. Mwaka 2015 wanafunzi wa Lang'ata walirushiwa vitoa machozi wakidai uwanja wao, na uwanja ukarudi.

Kwa mtaa wa kawaida kama wangu, kilichotusaidia ni katiba ya 2010, kifungu cha 40(6): mali iliyopatikana kinyume cha sheria haina ulinzi. Hatimiliki ya jamaa ilikuwa safi kwa macho. Mahakama ikauliza aliipataje.

Nusu Msingi
Mtanitukana, ila mimi ndiye yule wa ndani ya mabati. Nilionyeshwa ofa, ile barua ya kumilikishwa kiwanja, nikalipa mbele ya mwanasheria, nikaanza kujenga. Majirani sikumuuliza hata mmoja, nilijiona nina karatasi. Nimefika kwenye lenta, nakuta X nyekundu ukutani. Aliyeniuzia simu yake haipatikani mpaka leo. Nilipoanza kuchimba msingi, bibi mmoja alisimama pale akaniambia, "Mwanangu, hapa tunazikia." Nikadhani anatafuta soda.

Mwana Sinza
Asanteni sana. Nusu Msingi, sikutukani ndugu yangu, pole.

Leo nimezunguka kwa wazee. Mchoro sijaupata, ila mstaafu mmoja ana hati yake ya zamani na namba ya mchoro imeandikwa humo. Kesho saa mbili asubuhi niko manispaa na wenzangu watatu. Mama wa mihogo kahamishia jiko nje ya mabati, kageuzia kiti kinatazama geti, na namba za magari yanayoingia anaziandika kwenye daftari la madeni.