Pink Floyd: kwa nini Waters na Gilmour hawapatani mpaka uzeeni?

Swali: Jamani hivi hawa wazee wa Pink Floyd, bendi ya rock ya Uingereza, wana shida gani, Waters mpiga besi na Gilmour mpiga gitaa? Waters alitoka 1985 akaenda mahakamani kuzuia wenzake wasitumie jina la bendi, wakamalizana 1987, lakini ugomvi upo tu. Ni hela au ni chuki?

Jibu: Hela ipo, maana mtunzi analipwa kila wimbo unapopigwa, anayepiga gitaa au kinanda tu anapata kidogo, na mwishoni Waters ndo alikuwa anatunga karibu kila kitu. Ila mi kinachoniuma ni Wright, mpiga kinanda wao, mtu yupo tangu mwanzo kabisa anaambiwa atoke kipindi cha kurekodi albamu ya The Wall halafu kwenye shoo anarudi kama mwajiriwa wa mshahara!! Inauma sana aisee.

Jibu: Na 2005 walipanda jukwaani wote wanne (Waters, Gilmour, Wright na mpiga ngoma Mason) pale Hyde Park, London, kwenye tamasha la Live 8. Yaani waliweza. Wright akafariki 2008, wanne hao hatuwaoni tena.

Jibu: Mi nalaumu kunyamaziana. Mziki wao unaelewana kabisa, ila wanaongea kupitia mawakili, sa hapo urafiki unatoka wapi?