Re: Nyumba ya marehemu baba Kibokoni, nitatozwa huku?

Assalaam aleikum jamaa. Baba katangulia mbele ya haki, katuachia nyumba Kibokoni, tuko watano. Mimi niko Leicester, Uingereza, mwaka wa 13 sasa na mtu kaniambia serikali ya huku itakata asilimia 40 ya fungu langu. Ni kweli? Wallahi huo ni wizi, mzee kaijenga kwa jasho lake.

---

Waleikum salaam, pole sana ndugu yangu, Mola amrehemu mzee.

Tulia kwanza. Ushuru huu wa urithi humfuata marehemu, haumfuati mrithi. Mzee kaishi Mombasa kafa Mombasa na nyumba iko Mombasa, kwa hivyo huku hudaiwi kitu, na Kenya waliufuta tangu 1982. Nendeni kwa kadhi mgawane. Wa kujiangalia ni wewe, maanake tangu Aprili 2025 ukiwa umekaa Uingereza miaka 10 kati ya 20 iliyopita, siku yako ikifika wanahesabu mali yako yote popote ilipo, fungu la Kibokoni limo. Ila inakatwa ile inayozidi pauni 325,000 tu. Ukitaka kuwapa watoto wape mapema na uwaachie kabisa, ukiishi miaka 7 baadaye haihesabiwi.

Hilo la wizi hapo sikubali. Mimi nimelelewa Majengo kwenye nyumba bila ardhi, nyumba yetu mchanga wa mwenyewe. Kila mwezi mamangu afunga pesa ya kodi kwenye ncha ya leso angoja karani wa mwenye ardhi na kitabu chake cha risiti, na makuti yalipooza tukataka kuezeka mabati ikabidi twende kuomba ruhusa kwanza. Mwenye ardhi hakuinunua, karithi kwa babake naye babake karithi, sasa wajukuu ndio wapokea na mama bado alipa. Jasho la nani hapo? Hao watozwe.

Nyumba wanamokaa watu ni kitu kingine, hapo niko na wewe. Dada zako wangedaiwa ushuru kama huu na mkononi hawana kitu wangeuza tu, na wa kununua ni tajiri yule yule. Huku zile 325,000 hazijapandishwa tangu 2009 na nyumba zimepanda mno, ndio maana sasa inawafika hata watu wa kawaida.

Ukipata karatasi za kadhi fanya kopi mbili, moja ije na wewe huku.